Nyumba Isiyo na Masizi

Mama mdogo alipitisha kidole ukutani, akakigeuza, akakitazama katika mwanga uliokuwa ukiingia mlangoni. Kidole kilikuwa kisafi. Akajaribu mahali pengine, juu zaidi, karibu na boriti za paa, akiwa amesimama kwa ncha za miguu kama mtu anayetafuta ufunguo juu ya kabati, na safari hii kidole kilirudi na vumbi jekundu kidogo.

"Hapa hapajapikwa," alisema.

Kijana aliyekuwa akitutembeza alikuwa ametuambia, kwa uangalifu ulionifurahisha, kwamba huenda chumba hicho ndicho kilichotumika kwa mapishi. Hakuapa. Lakini mama mdogo ameuza chakula kwa miaka 31, kwanza Kariakoo na baadaye nje ya gereji moja huko Tandale, na kwake yeye neno "huenda" halina kazi jikoni. Jiko huacha ushahidi. Masizi hupanda ukutani, hushika boriti, huingia katika nyufa, na hata ukihama na chumba kikapakwa chokaa mara tatu, msimu wa mvua ukuta utatoa jasho jeusi na kumwambia mpangaji mpya kwamba hapa palikuwa na mafiga.

"Sasa huyo mzungu wenu alikuwa anapikiwa na nani?"

"Alikuwa na watumishi wake, mama," kijana alijibu kwa adabu, kisha akatutangulia kwenda chumba kingine.

Tulimfuata. Tulitazama vilivyowekwa vitazamwe, tukapiga picha chini ya miembe, tukarudi mjini kuwahi shughuli ya harusi iliyokuwa imetuleta Tabora. Hizo ni wiki saba zilizopita. Tangu siku hiyo, kila ninapoketi kuandika jambo jingine, kidole kile kinarudi.

## Kwa Livingstone

Ukimwambia dereva wa bodaboda mjini Tabora kwamba unakwenda Kwihara, atakuuliza kama unakwenda kwa Livingstone. Sisi tuliulizwa hivyo na madereva wawili, na wote wawili walitamka jina hilo kwa wepesi, kama la mtu mwenye duka la jumla njia panda.

Neno hilo "kwa" ndilo lililonikwama kwanza. Dar es Salaam imejaa vituo vya daladala vyenye neno hilo: Kwa Azizi Ali, Kwa Mtogole, na vingine ambavyo wenyewe walikwisha kufariki kabla sisi hatujazaliwa. Hatumwiti mtu hivyo kwa sababu alipita. Tunasema "kwa fulani" pale ambapo fulani alikaa, akajenga, akapanda mti, akagombana na majirani, akazikwa. Livingstone, yule mpelelezi wa Kiingereza, hakujenga tembe la Kwihara, ile nyumba ya udongo tuliyotembezwa. Lilijengwa katikati ya karne ya 19, wakati Waarabu wa biashara ya misafara walipokuwa wamestawi Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, na Kwihara ndiko alikokaa hata liwali wao, Said bin Salim, yule yule aliyewahi kuuongoza msafara wa wapelelezi Burton na Speke. Livingstone alifika hapo Februari 18, 1872, akiwa na mwandishi wa habari Stanley, wakitokea Ujiji. Stanley aliondoka kwenda pwani Machi 14. Livingstone akabaki akingoja, na akaondoka Agosti 25 mwaka huo huo.

Miezi sita na wiki moja.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa nyumba nzima, tena si na mwenyeji wake, bali na sisi tuliokuja nyuma.

Nakiri kwamba hoja hiyo ilinitosha kwa wiki mbili za kwanza. Ilikuwa na ukali wa kutosha, na ningeweza kuandika makala ya kulalamika juu ya nyumba iliyopewa jina la mgeni, wasomaji wangekubali, na tungelala. Kilichonizuia ni kwamba malalamiko hayo hayakujibu swali la mama mdogo. Yeye hakuuliza nyumba ni ya nani. Aliuliza nani alipika.

## Udongo

Kabla ya kufika huko, niseme jambo moja kuhusu ukarabati, kwa sababu nilifika Kwihara na dharau ambayo sasa naionea haya.

Nilipoliona tembe kwa mara ya kwanza, lenye kuta nyekundu-nyeusi, paa bapa na mlango wa nakshi, niliguna. Lilionekana jipya mno. Kona zake zilikuwa zimenyooka, rangi ilikuwa imekolea kila mahali kwa usawa, na nilimnong'oneza mama mdogo kwamba hii si nyumba ya kale bali ni nyumba iliyojengwa juu ya kumbukumbu ya nyumba ya kale. Nilidhani nimesema neno la maana. Yeye, aliyekulia Uyui katika nyumba ya udongo, alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, hii ni tembe. Ulitaka ikae vipi?"

Tembe ni kuta za udongo zilizofunikwa kwa boriti na fito, na juu yake udongo tena. Mvua ya kwanza huanza kuila. Kila mwaka mwenye nyumba hupanda juu akaziba, akakandika, akabadilisha boriti iliyoliwa na mchwa, na baada ya miaka 40 hakuna awezaye kukuonyesha bonge la udongo lililowekwa na mjenzi wa kwanza. Nyumba ya aina hii huishi kwa kufanywa upya, na ukiiacha katika hali yake ya asili kwa miaka michache tu, itarudi kuwa kichuguu. Kwa hiyo mafundi walioliinua tena tembe hili katika karne iliyopita, na wanaolikandika leo, wanafanya kazi ile ile iliyofanywa na wakaaji wake. Hakuna udanganyifu hapo.

Nyumba za mawe hudanganya zaidi, kwa sababu huonekana kana kwamba hazihitaji mtu. Beit al-Ajaib, lile jumba la masultani, ilisimama ufukweni mwa Unguja tangu 1883, ikawa picha ya kila kalenda, na Desemba 25, 2020, ikiwa katikati ya ukarabati, sehemu yake iliporomoka na kuua watu wawili. Niliikumbuka pale Kwihara, nikaiangalia upya ile rangi iliyokolea. Mtu amepanda ngazi hapa si zamani sana. Nikaacha kuguna.

Lakini mkandiko huo huo ndio uliofuta masizi. Mafundi hawakukusudia kumfuta mtu, waliziba nyufa. Ukikandika ukuta wa sebuleni hupotezi kitu, kwa kuwa aliyeketi sebuleni aliacha barua, shajara na picha. Ukikandika ukuta wa jikoni, mara nyingi umekandika juu ya maandishi pekee aliyoyaacha mpishi.

## Kungoja

Nikaanza kusoma. Shajara za mwisho za Livingstone zilichapishwa London mwaka 1874 baada ya kuhaririwa na Horace Waller, na nakala zake zinapatikana bure mtandaoni kwa yeyote mwenye subira ya kupekua kwenye simu. Nilitafuta miezi ya Kwihara.

Ni miezi ya kuchosha, na huo ndio uzuri wake. Alikuwa akingoja wapagazi. Stanley alikuwa ameahidi kumpelekea watu kutoka pwani, na mpaka watu hao wafike, mtu aliyevuka nusu ya Afrika kwa miguu hakuweza kwenda popote. Anahesabu siku. Anaandika habari za vita vya Waarabu na mtemi Mirambo, ambavyo Stanley mwenyewe alijiingiza mwaka uliotangulia na kutoka mbio. Machi 19 anatimiza miaka 59 na kumwandikia Mungu wake maneno machache ya kujitoa upya. Anatengeneza jibini kwa ajili ya safari, na kusema ni nzuri ila ina uchachu.

Hapo kwenye jibini nilisimama. Kama kulikuwa na jibini, kulikuwa na maziwa, na vyombo, na moto, na mtu wa kuukoka. Nikajua niko karibu na jiko.

Wapagazi walifika Agosti 14, zaidi ya watu 50. Siku 11 baadaye msafara ukaondoka. Katika vyumba vya nyumba ile, mtu unayeoneshwa akisubiri ni mmoja. Lakini hata yeye aliungoja umma mzima wa watu wenye mabega, na bila mabega hayo jina lake lingekoma pale pale chini ya miembe. Unyanyembe ilijengwa kwa mabega hayo. Wanyamwezi walipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na merikani, kaniki, shanga na waya wa shaba, kila mmoja na mzigo wake wa frasila mbili hivi, miezi mitatu ya njia. Tunayajua haya tangu darasa la tano, sitayarudia.

Nilichokuwa sikijui ni jina la aliyeupika ubwabwa, au ugali, au hiyo mikate.

## Halima

Jina lake ni Halima.

Si siri. Halikufichwa mahali popote. Liko ndani ya shajara, liko ndani ya kitabu cha Stanley, na watafiti wamelitaja. Ni mimi, niliyesoma historia mpaka kidato cha sita na kuweza kukutajia watumishi wa Livingstone, Susi na Chuma, usingizini, niliyefika umri huu bila kulisikia.

Stanley anamchora akiwa Ujiji, Novemba 1871, muda mfupi baada ya ule mkutano wake na Livingstone unaojulikana na kila mtoto wa shule. Halima anachungulia kutoka jikoni kuhakikisha kwamba kweli barazani wameketi wazungu wawili. Siku zote alikuwepo mmoja, na huyo mmoja alikuwa hali chakula, kwa sababu alikuwa mgonjwa na meno yake yalikuwa yamekwisha. Halima alikuwa amejihangaisha kwa vyakula laini na mikate ya kutafunika, akiogopa kwamba bwana hathamini mapishi yake. Sasa sahani zinarudi tupu. Anaongea na majirani bila kupumua. Stanley anasimulia hayo kwa mzaha, kama watu wanavyosimulia mapayo ya mtumishi, lakini nilipomsomea mama mdogo kwa simu hakucheka hata kidogo.

"Mteja asipomaliza sahani," alisema, "wewe usiku hulali."

Halima alikuwa mke wa Amoda, mmoja wa watu waliokuwa na Livingstone tangu 1866. Alifuatana nao kutoka Ujiji mpaka Kwihara, kwa hiyo katika miezi ile sita ya kungoja, jiko lilikuwa lake. Na ndani ya miezi hiyo anafanya jambo ambalo sikulitarajia.

Anatoroka.

Livingstone anaandika kwamba Halima aligombana na Ntaoeka, mwanamke mwingine wa kambini ambaye Livingstone alikuwa amemtaka achague mume kati ya watu wake, naye akamchagua Chuma. Baada ya ugomvi Halima akaondoka. Livingstone akahangaika, akaandika barua ili atafutwe, lakini Halima akarudi mwenyewe kabla ya barua kufanya kazi yake. Hapo ndipo mzee yule, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu watu, anaandika sifa ndefu kuliko alizowapa wengi: kwamba Halima ni mwangalifu na hodari, kwamba hajawahi kuiba wala kumruhusu mumewe aibe, kwamba katika msafara wote yeye ndiye nguzo bora. Anamsamehe kosa lake moja. Anampa nguo nzito ya kujikinga na baridi, kuonyesha kwamba hana kinyongo. Na anaweka ahadi: atampa uhuru, na watakapofika Unguja atamnunulia nyumba na bustani.

Niliisoma sentensi hiyo nikiwa ndani ya daladala, karibu na Magomeni, nikapitishwa kituo.

Atampa uhuru. Maana yake ni kwamba hakuwa nao.

## Mei mosi

Hapa ndipo makala hii iliponishinda mara mbili, nikaifuta, nikaanza tena.

Katika nyumba ile ile, Mei 1, 1872, Livingstone aliandika barua kwa gazeti la New York Herald lililokuwa limemtuma Stanley. Alieleza juu ya biashara ya watumwa, na akaimalizia kwa kuomba baraka za mbinguni zimshukie kila mtu, awe Mmarekani, Mwingereza au Mturuki, atakayesaidia kukiponya kidonda hiki kilicho wazi cha dunia. Mwaka mmoja baadaye, siku hiyo hiyo au karibu yake, alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Maneno hayo yakachongwa juu ya jiwe la kaburi lake ndani ya Westminster Abbey. Ukienda London leo utayasoma sakafuni. Yaliandikwa Kwihara, kando ya miembe.

Na mpishi aliyekuwa ndani ya nyumba hiyo alikuwa bado anangoja kupewa uhuru.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na hasira. Ilimwita mnafiki, na ilikuwa rahisi kuiandika, jambo ambalo lilipaswa kunitia shaka mapema zaidi. Mtu huyu alikuwa ameshuhudia mauaji ya sokoni Nyangwe, katika Kongo ya leo, Julai 15, 1871, watu wakipigwa risasi na kuzama mtoni, na habari alizozipeleka ziliongeza shinikizo lililomfanya Sultani Barghash atie saini mkataba wa Juni 5, 1873, uliofunga soko la watumwa la Unguja. Hakuwa akicheza na maneno. Halima naye anaonekana kuwa mtu mwenye sauti jikoni mwake, anayegomba, anayeondoka na kurudi, asiyechapwa kwa kutoroka bali anapewa nguo.

Rasimu ya pili ikamtetea. Nayo ikaoza mikononi. Nilijikuta nikiandika kwamba kwa desturi za wakati ule hali yake haikuwa mbaya, na nikajiuliza nimeijuaje hali yake. Tunamjua Halima kwa macho ya wanaume wawili waliokula chakula chake. Stanley anamkumbuka kwa kelele zake, Livingstone kwa uaminifu wake, na uaminifu ndiyo sifa ambayo mwenye nyumba hutangulia kuiona. Kwa nini aliondoka, shajara inataja ugomvi wa wanawake. Huenda. Ugomvi wa wanawake ni maelezo ambayo mwanaume aliyeketi barazani huridhika nayo haraka.

Sina rasimu ya tatu yenye hukumu. Ninacho tu kile kiwanja cha Unguja, ambacho sikiwezi kukiacha. Kila ninapofikiri juu ya nyumba iliyokarabatiwa Kwihara ninaiona pembeni yake ile nyingine, yenye bustani, pengine Ng'ambo, pengine njiani kuelekea Mtoni ambako viwanja vilikuwa na nafasi, yenye jiko lililojaa masizi ya miaka 20. Hakuna fundi awezaye kuikarabati, kwa sababu haikujengwa.

## Waliorudi

Livingstone alipofariki, watu wake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani kwa siku 14, wakaufunga, wakaubeba. Hadithi hiyo sote tumekua nayo. Ilikuwa njia ya zaidi ya kilomita 1,500, na katikati yake ilipita hapo hapo: Oktoba 1873 msafara ulifika Kwihara na kumkuta Luteni Cameron, aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone akiwa hai. Cameron alipendekeza mwili uzikwe huko. Wakakataa, wakaendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Halima alikuwemo. Sikulijua hilo pia. Alirudi mahali alipokuwa na jiko, akiwa nyuma ya mwili wa mtu aliyemwahidi nyumba, akapita.

Baada ya hapo njia zinagawanyika. Jacob Wainwright, mmoja wa watu wa msafara huo, alisafiri na jeneza mpaka Uingereza na kushika kona ya kitambaa chake siku ya maziko, Aprili 18, 1874. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye mwaka huo, wakamsaidia Waller kuzielewa shajara, wakapewa medali. Na Waller, alipoifikia ile sentensi ya nyumba na bustani, aliongeza neno dogo chini ya ukurasa. Alisema Halima aliufuata mwili mpaka Unguja, na kwamba ni jambo gumu kuona kifo cha bwana kimeziacha huduma zake za muda mrefu bila malipo yoyote.

Ni jambo gumu. Kitabu kiliuzwa.

Unguja ilifuta utumwa kwa sheria mwaka 1897, Tanganyika mwaka 1922. Nahesabu miaka hiyo kwa vidole kama mtu anayehesabu mishahara iliyocheleweshwa, kisha naacha, maana hesabu hiyo haimrudishii kitu.

Nimemfikiria pia yule kijana wa Kwihara. Nilianza kwa kumlaumu moyoni kwa lile jibu la "watumishi wake", lakini mimi nisingejibu vizuri zaidi siku ile, na yeye angalau alijua palipo na mashaka akayasema. Anaeleza nyumba kama alivyoipokea. Wageni humuuliza chumba cha Livingstone ni kipi, kitanda kilikuwa upande gani, Stanley alilala wapi. Mtu hatayarishi jibu la swali ambalo haulizwi.

Nilipata wazo, usiku mmoja, kwamba ukuta wa chumba kile upakwe masizi, kwa ukumbusho. Asubuhi nililiona ovyo. Masizi ya kupaka ni uongo, tena uongo mbaya kuliko ukuta msafi. Nilipomweleza mama mdogo alicheka kwa mara ya kwanza tangu tuanze mazungumzo haya.

"Si wapike tu," alisema. "Wanawake wa hapo kijijini waje wapike, wageni wale, walipe. Mwaka mmoja tu ukuta utakuwa mweusi."

Nimejaribu kutafuta kasoro katika mpango huo kwa siku nne sasa. Kuna paa la fito, kuna moto, kuna sheria za mambo ya kale. Bado ndio mpango bora kuliko wowote nilioupata mimi.

## Karatasi

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa mama mdogo na kumsomea yote, si kwa simu bali ana kwa ana, yeye akichambua mchele kwenye ungo. Nilipofika kwenye kutoroka aliinua mkono ninyamaze.

"Aliondoka usiku au mchana?"

"Haijaandikwa."

"Alibeba nini?"

"Haijaandikwa, mama mdogo."

Akaendelea kuchambua. Kisha akauliza nguo aliyopewa ilikuwa ya aina gani, nikasema nzito, ya baridi, naye akasema usiku wa Tabora katikati ya mwaka una baridi kweli, watu wa Dar hawaijui. Kabla hajaanza kupika Kariakoo, mama mdogo alimpikia mtu mmoja nyumbani kwake kwa miaka sita. Hajawahi kutusimulia kwa nini aliacha, na siku ile pia hakusimulia.

Desemba atakwenda tena Tabora, kumwona mtoto wa wale maharusi kama Mungu atajalia, na amesema atapitia Kwihara. Anataka kumpelekea yule kijana jina. Akanipa karatasi iliyokatwa katika daftari la madeni, akaniambia niandike kwa herufi kubwa, kwa maana miwani yake si ya kuaminika na hataki kulitamka jina la mtu kwa kubahatisha.

Niliandika HALIMA. Kisha kalamu ikasimama. "Mpishi wa Livingstone" lilimrudisha kwenye baraza la mtu mwingine. "Mtumwa" lilikuwa kweli, na lilimeza yote mengine. "Mke wa Amoda" lilikuwa kweli pia. Mama mdogo alikuwa ananitazama juu ya ungo.

"Andika alichofanya," alisema.

Nikaandika: HALIMA. ALIPIKA HAPA, 1872. Aliichukua karatasi, akaisoma akiwa ameinyoosha mbali na macho, akaikunja mara mbili na kuiingiza ndani ya pochi, pamoja na tiketi za basi za safari ile.